Mume wangu alikuwa dereva wa trela, ni miezi saba sasa tangu afariki. Nyie mliopitia hii mlianzia wapi?

MamaWatatu_Mukono

Habari zenu ndugu zangu. Huwa nasoma tu humu, siandiki, leo naandika kwa sababu ni saa nane usiku na usingizi hauji na nimechoka kumwamsha dada yangu kwa simu kila siku, na yeye ana kazi zake asubuhi.

Mume wangu alikuwa dereva wa trela, Malaba Kampala, saa zingine anapanda mpaka Elegu na Juba. Alipata ajali usiku huku Bugiri akiwa na mzigo, akafia palepale. Ni miezi saba. Tuna watoto watatu, kijana wa miaka 14, msichana wa 9, na kitinda mimba ana 4.

Sisi nyumbani lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Yeye Mganda wa Masaka, mimi Mteso wa Tororo, tulikutana Malaba nikiwa nauza chakula pale malori yanaposimama kungoja karatasi, akala wali maharage, kesho yake akarudi, na kesho kutwa akarudi. Miaka 15 tumeongea Kiswahili, hata kugombana tuligombana kwa Kiswahili. Sasa watu wa kwao wakija kwa kikao wanaongea Kiganda haraka haraka, nashika nusu nusu, naona tu mikono inaonyesha ukuta, inaonyesha shamba la nyuma, na mimi nimekaa pale kama mgeni kwenye nyumba ambayo matofali yake niliyabeba mwenyewe nikiwa na mimba.

Nyumba haijaisha, vyumba viwili tu ndo vina mabati. Ni kibanja, yaani sehemu kwenye ardhi ya mwenye hati mwingine, tulinunua kwa agrimenti, mkataba wa kuandikiana. Agrimenti aliichukua shemeji yangu mkubwa siku ya tatu baada ya mazishi, alisema anaitunza isipotee. Sasa anasema mambo yote yataamuliwa siku ya olumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba na kumvalisha mrithi, mwezi wa kumi na mbili. Kampuni nayo ilileta jeneza na mchele na milioni 2, juzi wamenitumia karatasi niweke sahihi kwamba tumemalizana, wanasema marehemu alisinzia kwa hiyo kosa ni lake. Sijasaini. Lakini ada ya shule inadaiwa na nimeshika kalamu mara mbili.

Mengine ni madogo ila ndo yananimaliza. Simu yake bado naichaji. Naiwekea eyataimu ya 500 ili laini isije ikakatwa wakapewa watu wengine. Na huyu mdogo, siku ya msiba watu walimwambia baba amesafiri, na mimi sikuwa na nguvu ya kubisha. Sasa baba yake maisha yake yote alikuwa anasafiri, anaenda wiki mbili anarudi na ndizi za barabarani na mikate. Mtoto anangoja. Trela ikipiga honi huko barabara kubwa anaacha chakula anakimbia getini.

Siombi hela. Nataka mtu aliyefiwa aniambie alianzia wapi kuishi tena, maana kila mtu ananiambia jikaze na sijui kujikaza kunaanzia wapi.

---

Bibi_wa_Bombo

Binti yangu pole sana, Mungu ampumzishe baba watoto.

Mimi ni Mnubi wa hapa Bombo. Mzee wangu alikuwa mwanajeshi, aliniacha 2013. Kwetu Waislamu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Watu wa nje wanaona kama ni kufungwa ndani, mimi nakwambia ile eda ndo iliniokoa. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyekuja na jambo lake, huyu anataka pikipiki, huyu anauliza shamba, huyu analeta maneno ya kuolewa na mdogo wa marehemu, wote niliwapa jibu moja, mpaka nitoke eda. Hakuna aliyethubutu kubishana. Nilipotoka akili ilikuwa imerudi nikaona nani alikuja kunifariji na nani alikuja kuhesabu.

Wewe si Muislamu na siku zako zimeshapita, lakini hilo neno liazime. Mtu akikuletea karatasi mwambie bado. Mwenye nia njema atangoja.

Sasa kuhusu kuanza. Kwangu saa mbaya haikuwa usiku, ilikuwa magharibi. Mzee alikuwa anaingia saa kumi na mbili na nusu, anavua viatu mlangoni, nasikia kiatu cha kwanza halafu cha pili. Miezi mingi saa hiyo ikifika masikio yangu yanakwenda mlangoni yenyewe. Jirani yangu mmoja, mjane wa zamani, akaanza kuja saa hiyohiyo na ukindu wake. Hakuniuliza unajisikiaje. Alikaa kwenye mkeka akaanza kusuka, akanipa mwanzo wa sinia nimalizie. Nilikuwa nimesuka tangu utotoni lakini ile ya kwanza niliifumua mara tatu, rangi zilikuwa hazikai, nyekundu inaingia kwenye zambarau, mikono inatetemeka. Alikuja kesho. Alikuja wiki nzima. Mwezi wa tatu tulikuwa wanne, tukaanza kupata oda za harusi. Hela ilikuja baadaye sana, mwanzoni ilikuwa ni kuivuka ile saa tu.

Kwa hiyo nakuuliza, saa yako mbaya ni ipi? Ijue kwanza, kisha uiwekee mtu na kitu cha mkononi. Na hiyo simu ya mume wako ichaji tu, hakuna dhambi. Mimi koti la mzee lilikaa msumarini miaka miwili, siku ya kulitoa nilijua mwenyewe.

---

Ssemwandu_Mbale

Pole dada. Mimi ni mwanaume, mke wangu alifariki akijifungua, mtoto akapona. Huyo mtoto leo yuko P.3, darasa la tatu.

Naandika kwa ajili ya kijana wako wa miaka 14. Najua siku ya mazishi kuna mzee alimshika bega akamwambia sasa wewe ndo baba wa nyumba. Wanasemaga hivyo kila msiba. Binti yangu mkubwa alikuwa na 12, shangazi zake wakamwambia sasa wewe ndo mama, na mimi kwa uchungu wangu nikakubali bila kujua, nikawa naamka nakuta amepika uji, ameosha nepi, amemvalisha mdogo wake, nikawa najisemea Mungu amenisaidia nina mtoto mwenye akili. Mwisho wa muhula mwalimu akaniita. Analala darasani, na akiulizwa kitu analia. Nilikaa kwenye kile kibenchi cha shule nikaona aibu ambayo sijawahi kuona.

Nikaenda nyumbani nikamwambia kuanzia leo uji ni kazi yangu, wewe ni mtoto. Nilijifunza kupika nikiwa na miaka 38. Nilijifunza kusuka nywele za yule wa kati, jirani alinifundisha, nagawanya kichwa kwa kitana, naanza mbele narudi nyuma, mwanzoni mistari inapinda mtoto anaenda shule hivyohivyo. Wanaume wenzangu pale stage waliona ajabu. Lakini Jumapili jioni mtoto akiwa amekaa katikati ya magoti yangu namsuka, ndo saa alianza kuniambia mambo ya mama yake, kitu ambacho tukikaa uso kwa uso hakisemi.

Kwa hiyo kijana mwambie waziwazi kwamba baba wa nyumba hayupo na hatafutwi mwingine kati yenu, yeye kazi yake ni shule na mpira. Atakubishia lakini utaona mabega yake yanashuka.

Kingine nakiri hapa kwa sababu labda kuna mwanaume anasoma. Mwaka wa kwanza nilikunywa sana. Sisi hatuna mtu anayetuletea ukindu. Rafiki anakununulia chupa, ndo pole yake. Kilichonitoa ni kwaya ya kanisa, na siimbi vizuri, ila mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi jioni na baa ilikuwa jioni hizohizo.

---

Karani_Nakasero

Pole sana mama. Nafanya kazi ofisi ya wakili, mimi si wakili, lakini kesi kama yako nazipanga kila wiki kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

KARATASI YA KAMPUNI USISAINI. Nimeweka herufi kubwa kwa makusudi. Sheria ya fidia ya wafanyakazi hapa Uganda inasema mfanyakazi akifa kwa ajali akiwa kazini na ameacha familia iliyomtegemea, mwajiri anatakiwa kulipa mshahara wa miezi 60. Piga hesabu. Kama alikuwa anapokea 800,000 kwa mwezi hiyo ni milioni 48. Ndo maana wanakimbilia sahihi yako kwa milioni 2. Na hilo la kusinzia lisikutishe, sheria hiyohiyo inasema fidia inalipwa hata kama mfanyakazi alikuwa na uzembe. Nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, wengi wanamwita leba ofisa, hapo Mukono yupo. Beba ripoti ya polisi ya ajali, kitambulisho chake, chochote kinachoonyesha alikuwa ameajiriwa, hata meseji za mobile money za mshahara, hata picha amevaa fulana ya kampuni. Kumbe hiyo simu unayoichaji ina ushahidi, usiifute kitu chochote.

Pia uliza NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Kama walikuwa wanamkata, yeye asilimia 5 na kampuni asilimia 10, hela iko pale na familia inalipwa mafao ya warithi. Kama hawakupeleka, hiyo nayo ni kesi ya kampuni.

Sasa nyumba. Sheria ya mirathi ilibadilishwa 2022. Asiyeacha wosia, mali yake inagawanywa hivi: mke au mume aliyebaki asilimia 20, watoto 75, ndugu waliokuwa wanamtegemea 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Soma tena hiyo ya mwisho. Yule musika, ndo huyo mrithi wa kimila, watakayemvalisha siku ya olumbe, kwa sheria ana asilimia moja. Na nyumba mliyokuwa mnaishi haiingii kwenye kugawana, ni makao ya mjane na watoto, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai.

Utauliza ndoa. Hukusema mlifunga kanisani. Kama mlifanya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kwa wazazi wa mke, mahari ikapokelewa na wazee wako, hiyo ni ndoa ya kimila na inatambulika, inatakiwa kusajiliwa gombolola, ofisi ya serikali ya eneo lenu. Kusanya picha, video, majina ya waliokuwepo, barua ya wazazi. Kama mlikaa tu bila chochote, hapo ndo pagumu kwako wewe, ila watoto haki yao haiguswi, na ile 75 ni yao.

Halafu unaenda ofisi ya Administrator General, ofisi ya serikali inayoshughulikia mirathi, iko Georgian House, George Street Kampala. Kabla hujaenda pata barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), cheti cha kifo kutoka NIRA (wale wanaoandikisha vizazi na vifo), vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Pale unafungua faili la marehemu, wanaita familia, mkiafikiana wanatoa barua ya kutokuwa na pingamizi, ndo unaipeleka mahakamani uombe usimamizi wa mirathi, mahakama inatangaza, watu wanapewa siku 14 za kupinga. Ni mizunguko, sikufichi. Lakini siku ulipofungua faili mtu yeyote anayeuza au kugawa anajua kuna jicho. Na kuingilia mali ya marehemu bila barua ya mahakama ni kosa, awe shemeji awe nani.

Agrimenti iliyochukuliwa isikutoe roho. Kwa kawaida muuzaji ana nakala yake na LC aliyegonga muhuri ana yake. Nenda kaombe upige picha. Na mwenye ardhi anayepokea busuulu, kodi ya kibanja, mpelekee barua kwamba mwenye kibanja amefariki na mkewe na watoto wanaishi hapo.

Ukikosa hela ya wakili nenda FIDA, ni chama cha mawakili wanawake, wamekuwepo tangu 1974 na wanasaidia bure.

---

Mzee_Lubiri

Nasoma na kuna jambo nataka kurekebisha kwa heshima. Mimi ni Mganda na nimekaa vikao vingi vya namna hii.

Huyo shemeji anaweza kuwa mwizi na anaweza asiwe. Kwa mila yetu karatasi za marehemu kushikwa na kaka mkubwa mpaka olumbe ni jambo la kawaida, na musika harithi nyumba, anarithi jina, anasimama pale alipokuwa marehemu ili watoto wawe na mtu wa kuwaozesha na kuwasimamia. Wanaochanganya hayo na mabati na shamba ni wetu wenyewe na tunaona aibu nao. Lakini ukianza na ofisi na muhuri, hata wale waliokuwa upande wako watanyamaza.

Mtafute ssenga, shangazi wa marehemu. Si lazima aliye mkubwa kuliko wote, mtafute aliyempenda. Mwambie kwa Kiswahili ulichonacho, hata akihitaji mtoto wa kutafsiri. Mwambie neno moja, kwamba unataka kikao kifanyike kwa lugha unayoielewa au uwe na mtu wako wa kukutafsiria, neno kwa neno. Hakuna mzee wa ukoo mwenye haya zake atakayekataa hilo. Na siku ya olumbe njoo na wazee wako kutoka Tororo, wawili watatu, wakae mbele.

---

Karani_Nakasero

Mzee nakuheshimu na la ssenga nakubaliana nalo kabisa. Ila la kungoja sikubali. Nimeona wajane wanangoja olumbe mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja kibanja kimeshauzwa. Faili lifunguliwe, na ssenga atafutwe wiki hiyohiyo. Hakuna anayemshtaki mtu, ni kuandikisha tu kwamba mtu amefariki.

---

Mzee_Lubiri

Wiki hiyohiyo, sawa. Lakini ssenga aambiwe kabla, asisikie kwa watu.

---

MamaMukene_Busia

Dada pole, mimi nitaongea hela kwa sababu watu wanaona aibu kuiongelea. Mume wangu alivyokufa nilibaki na 40,000 na deni la duka. Nilianza na beseni moja la mukene (dagaa), nakaa chini kabisa mwisho wa soko pale wakubwa hawapataki. Kilichonisimamisha si mukene ni kikundi. Tuko 25, kila Ijumaa tunaleta, hisa moja 2,000, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti kwa hiyo hakuna anayeweza kufungua peke yake. Kuna mfuko wa pembeni wa msiba na ugonjwa, ule hauulizwi riba. Ukikosa Ijumaa mbili watu wanakuja nyumbani kukuangalia kama uko hai. Hicho ndo nilikuwa nahitaji kuliko hata mkopo.

Wewe umeshasema unajua kupika wali maharage mpaka mtu anarudi kesho na kesho kutwa. Umepewa jibu na marehemu mwenyewe. Anza na sufuria moja, mahali penye mafundi wa ujenzi, usikope mtaji mkubwa, na usitumie hela ya fidia ikija kufungua biashara mwaka wa kwanza, iweke.

---

Nesi_Kampala

Mama watatu, mimi ni nesi na pia nilimpoteza mchumba wangu, ila leo naongelea mtoto.

Mtoto wa miaka 4 hajui kifo ni cha moja kwa moja, lakini safari anaijua vizuri kuliko mtoto mwingine yeyote, kwa sababu safari ya baba yake ilikuwa na mwisho na mwisho wake ulikuwa ndizi na mkate. Ndo maana anakimbia getini. Hafanyi ujinga, anaamini mlichomwambia. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi. Baba amekufa. Mwili wake uliumia sana, ukaacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hawezi kurudi. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Usiseme Mungu amemchukua kwa sababu alikuwa mzuri, atajitahidi kuwa mbaya. Atakuuliza tena kesho na keshokutwa, si kwamba hakusikia, ndo namna yao ya kuamini. Na utalia ukimwambia, lia, mwambie nalia kwa sababu nimemkumbuka baba.

Wewe mwenyewe, kukosa usingizi, kusahau sufuria motoni, kifua kubana, hayo yote nayaona kwa wafiwa na mengi yanapungua taratibu. Lakini miezi saba bila kulala kabisa si ya kuvumilia tu, nenda kituo cha afya cha karibu useme kama ulivyosema hapa. Na ukifika mahali unawaza kwamba bora na wewe ungekufa, siku hiyohiyo mwambie mtu, usilale nayo.

Neno la mwisho. Mwanzoni nilikuwa nikichoka namfikiria mama mmoja, Noerine Kaleeba. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia pale hospitali ya Mulago. Mume wake alifariki kwa ukimwi Januari 1987, enzi ambazo watu walikuwa wanaogopa hata kukushika mkono. Mwaka huohuo yeye na wenzake, watu 16, wengi wao wenyewe wagonjwa au wafiwa, wakaanzisha TASO, shirika la kusaidia watu wenye ukimwi. Waliokuwa nao pale mwanzo wengi walikufa, na kazi ikaendelea. Sisemi uanzishe shirika. Nasema yule mama alianza na watu kukaa pamoja chumbani na kusema jambo ambalo nje halisemeki, na wewe saa nane usiku umefanya hilohilo hapa.

---

MamaWatatu_Mukono

Ndugu zangu ni siku tisa sasa, samahani kwa kukaa kimya, nimesoma kila neno, mengine nimesoma mara tatu nne.

Kwanza bibi wa Bombo, saa yangu mbaya nimeijua. Ni saa tisa alfajiri, saa aliyokuwa ananipigia akiwa anatoka Malaba baada ya kupita forodha, ananiambia tu natoka sasa. Kwa hiyo nimeacha kupigana na usingizi saa hiyo. Naamka naloweka maharage, nachambua mchele, nawasha redio chini chini. Asubuhi napika sufuria moja, Mama Mukene nimekusikia, kuna jengo wanajenga huku juu, nilipeleka sahani 12 siku ya kwanza zikaisha saa saba na nusu. Jana sahani 20, zilibaki mbili tukala sisi.

Karatasi ya kampuni niliirudisha bila sahihi. Yule kijana aliyetumwa akanitazama, nikamwambia bado. Neno moja tu, bado. Nilikwenda kwa leba ofisa, ameandika, amenipa tarehe ya kurudi. Meseji za mshahara zote zipo kwenye simu yake, 18 nimezihesabu.

Mwenyekiti wa LC alikuwa na nakala ya agrimenti, kwenye faili limeliwa na mende pembeni lakini majina yanasomeka, la mume wangu na langu. Langu liko. Sikuwa najua kama aliniandika. Nilikaa pale kwenye benchi ya mwenyekiti nikalia mpaka mke wake akaniletea maji.

Mzee wa Lubiri nilimpata ssenga, yuko Masaka, nilimpigia. Tuliongea nusu Kiswahili nusu Kiganda changu kibovu. Alinyamaza muda mrefu halafu akasema atakuja mwenyewe kwenye kikao na atakaa karibu na mimi anitafsirie. Nikamwambia na habari ya kwenda Kampala kufungua faili, akasema nenda, mtoto wa kaka yangu hakujenga ili watoto wake wapange.

Kijana wangu nilimwambia kama ulivyosema ssemwandu. Alinijibu kwa ukali, nani atalinda usiku? Nikamwambia mlango una kufuli na jirani ana mbwa. Hakusema kitu ila Jumamosi alienda mpirani, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Na mdogo nimemwambia. Nilimkalisha jikoni, nilikuwa nachambua maharage, nikampa na yeye bakuli lake achambue, nikamwambia baba amekufa, hawezi kurudi. Akauliza na lori? Nikamwambia lori nalo liliharibika. Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza tena, nikajibu tena, mara tano mpaka kulala. Juzi trela ilipiga honi barabarani, akainua kichwa, akanitazama, akasema hiyo si ya baba. Akarudi kula.

Alhamisi naenda Georgian House na dada yangu. Karani, nakala za vyeti vya watoto nipeleke ngapi ngapi?

---

Karani_Nakasero

Peleka tatu tatu za kila kimoja, na zile halisi uwe nazo mkononi, usimwachie mtu. Fika mapema kabla foleni haijawa ndefu. Beba maji na kitu cha kula, utakaa.